Mwacha Asili ni Mtumwa? Nasaba za Bonde la Juba na Kalamu Zetu

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na sisi waandishi chipukizi tumewaamini kupita kiasi. Pitia hadithi zinazozunguka mikononi mwetu, zile zilizopigwa chapa na zile za daftari: ukifika ukurasa wa pili au wa tatu, lazima babu atokee. Babu ametoka mbali. Amevuka mto akiwa na mkuki, mbwa na mke mmoja. Amekuta pori, akafyeka, akazaa, na hapo ndipo ukoo wa mhusika mkuu ulipoanzia. Baada ya hapo babu hana kazi tena. Anabaki ananing'inia kama picha ya ukutani, na hadithi inaendelea zake na mapenzi ya mjini, daladala na kutafuta ajira.

Sina ugomvi na babu. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kumtumia. Mtu anapotaja nasaba yake huwa ana jambo analidai: shamba, mchumba, mahali pa kuzikwa, heshima barazani, wakati mwingine hata cheti cha uraia. Mwandishi asiyejua mhusika wake anadai nini hana sababu ya kutuhesabia mababu. Na mhakiki naye akikimbilia kuuliza "Je, ni kweli?" kabla hajauliza "Anaambiwa nani, na ili iweje?", huyo amesoma nusu ya maneno.

Nitalijadili hili kwa mfano mmoja, nao ni bonde la Mto Juba, kusini mwa Somalia. Najua kuna mtu ameshaguna: Somalia tena? Vumilia kidogo, ndugu msomaji. Wengi wa waliolowea bondeni mle walitoka huku kwetu, kwa jahazi na kwa minyororo, na masimulizi yao ya asili yanatugusa kuliko tunavyodhani.

Kwanza neno lenyewe. Ukisema "mlowezi" hapa mjini, picha inayokuja ni ya Mzungu mwenye kofia pana, bunduki na ekari elfu kadhaa za kahawa. Lakini kulowea kwa Kiswahili ni kuhamia nchi ya watu ukakaa moja kwa moja, basi. Walowezi wa Juba hawakuwa na kofia wala hati. Walikuwa watoro.

Mto Juba unaanzia nyanda za juu za Ethiopia, unaingia Somalia pale Dolo, unashuka mpaka Bahari ya Hindi karibu na Kismayu. Katika karne ya 19 sehemu yake ya chini ilikuwa msitu mzito, na mahali hapo pakaitwa Gosha. Mbung'o walijaa. Wafugaji hawakutaka kuingiza ng'ombe na ngamia wao mle wakafe, na kwa hiyo mdudu yule mbaya akawa ngome ya watu waliokuwa wanakimbia. Kuanzia miaka ya 1840 hivi, watumwa waliotoroka mashamba ya bonde la Shebelle na miji ya pwani ya Benadir, kama Barawa na Marka, walianza kujificha humo na kulima.

Hao watumwa walikuwa nani? Wayao, Wamakua, Wangindo, Wanyasa, Wazaramo, Wazigua. Majina haya si mageni kwetu. Ni ya wenzetu wa darasani. Wazigua wana habari yao ya pekee, maana katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi yao, na watu wakajikuta wanabadilishwa kwa chakula: mtoto kwa kibaba cha nafaka, mtu mzima kwa ahadi ya kazi ng'ambo. Jahazi zikawabeba kwenda kaskazini. Mwanahistoria Lee Cassanelli, katika makala aliyoichapisha mwaka 1987 kuhusu jamii hizi za mpakani, anaonyesha kwamba vijiji vya mwanzo vya Gosha vilijipanga kwa asili: Wayao peke yao, Wamakua peke yao, Wazigua peke yao. Yaani mtu aliyenyang'anywa kila kitu, kitu cha kwanza alichojenga baada ya kibanda kilikuwa kabila lake. Hapo wahenga wanaweza kutabasamu. Wasubiri kwanza.

Twende kwenye masimulizi. Kwa Wazigua wa Juba, simulizi kuu ya mwanzo ni ya mwanamke anayeitwa Wanakhucha. Mimi nimeisoma kwa watafiti, hasa Francesca Declich aliyefanya kazi ndefu na watu hao, na ninavyoiona ni simulizi iliyosukwa vizuri mno. Wanakhucha ni mtu wa maono. Anawaongoza wenzake kutoka utumwani, nia yao ikiwa kurudi kwao Uzigua kwa miguu. Wanafika Juba. Kuna masimulizi yanayosema kwamba nchi ilitetemeka, naye akalifasiri tetemeko lile kuwa ni ishara: tukae hapa. Wakakaa.

Sasa itazame fani yake. Hadithi nyingi za chimbuko tunazozijua huenda moja kwa moja mpaka kwenye kikomo cha safari: nchi nzuri imeonekana, shujaa amefika. Hii haifiki. Ukichukua ramani utaona kwamba kutoka Shebelle kwenda Uzigua, Juba iko njiani. Hawa ni watu waliokuwa wanarudi nyumbani wakakatisha safari, na kijiji chao cha kwanza kimejengwa juu ya kutofika. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya kati yetu ambaye angethubutu kuanza ukoo namna hiyo, kwa watu kusimama katikati ya njia na kusema basi, papa hapa patakuwa nyumbani. Tungewafikisha tu, tuwapigie na ngoma.

Linganisha na Mbegha. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ni moja ya hazina za nathari ya Kiswahili, na kila anayetaka kuandika juu ya ukoo akisome kabla hajashika kalamu. Mbegha naye ni mgeni: mwindaji kutoka Ngulu, jirani na Uzigua huko huko, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamwogopa na kumnyima urithi. Anatangatanga na mbwa wake, anaua nguruwe mwitu, anawagawia watu nyama nao wanampa chakula cha mashamba yao, anaua simba, na mwisho anafanywa mfalme Vugha. Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, hakupoteza muda mwingi kuuliza kama simba yule aliuawa kweli. Aliuliza nyama ile inasema nini ikikutana na chakula cha shamba, na mtu wa porini anakuwaje mtu wa kiti. Huo ndio uhakiki. Simulizi ya Mbegha inadai kiti cha enzi. Kila kipande chake, kuanzia meno mpaka simba, kinasukuma huko.

Je, simulizi ya Wanakhucha inadai nini? Kiti haina. Hakuna mlolongo wa wafalme unaoshuka kutoka kwake. Bonde lilipata wakubwa wake baadaye, kama Nassib Bundo, aliyeviweka vijiji vingi chini ya amri yake mwishoni mwa karne ya 19 na kufa katika gereza la Waitalia Mogadishu mwanzoni mwa karne ya 20. Huyo ndiye anayefanana na Mbegha, na huyo ndiye ambaye waandishi wa kiume tutamkimbilia. Declich, katika makala yake ya mwaka 1995, alionyesha kwamba simulizi za wanawake na za wanaume kando ya Juba haziko sawa, na kwamba mtafiti akiwasikiliza wazee wa kiume peke yao anatoka na historia nyingine kabisa. Wazigua wa huko wana makundi ya ngoma na mila wanayoyaita mviko, na mtu huyarithi kwa upande wa mama. Kwa hiyo nasaba yao imepita jikoni na uwanjani, katika ngoma za wanawali, si kwenye orodha ya majina. Wanakhucha anadai uhalali wa kitu hicho: kwamba sisi tulitoka utumwani wenyewe, tukiongozwa na mama, na tuna mila ya kuthibitisha.

Kudai hivyo Somalia si jambo dogo. Mtoto wa Kisomali tangu mdogo hufundishwa abtirsi, yaani kuhesabu majina ya baba, babu, baba wa babu, mpaka afike kwa mwanzilishi wa ukoo. Huo ndio utambulisho wake, ndiyo bima yake, ndiyo ulinzi wake akigombana na mtu kisimani. Mtu wa Gosha akianza kuhesabu anafika wa tatu au wa nne, halafu anakwama. Mbele yake yupo mtu aliyeshushwa jahazini. Ndiyo maana wengi walijiunga na koo za Wasomali kama watu wa kupokelewa, wakapata jina la kujikinga nalo. Lakini mgogoro ukitokea, wenye ukoo wanakumbuka nani ni wa damu na nani ni wa kupokelewa. Wanaitwa jareer, wenye nywele ngumu. Wanaitwa adoon, mtumwa, hata baada ya vizazi vitano vya uhuru.

Sasa rudi kwenye methali. Mwacha asili ni mtumwa. Huku mtu aliufanywa mtumwa kwanza ndipo asili ikapotea, na aliyeishika asili yake, yule Mzigua wa vijiji vya chini anayezungumza Kizigula mpaka leo, ndiye anayetambulika upesi zaidi kuwa ametoka utumwani. Lugha yake inamsuta. Wasomali wakamwita Mushunguli, neno lililotokana na Mzigula lenyewe. Aliyeacha asili akachukua ukoo wa Kisomali alifanya hivyo ili asiitwe mtumwa. Methali imepinduka miguu juu, kichwa chini. Tunaitumia kila siku redioni kuwasema wasichana wanaovaa suruali, bila kujiuliza ilikuwaje neno "mtumwa" likawa tusi rahisi hivyo vinywani mwa watu wa pwani.

Hapa lazima nimtaje James Mbotela, maana ndiye mtangulizi wetu katika jambo hili na hatumsomi tena. Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, ni kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mtu wa Freretown, kile kijiji cha walioachiwa huru kilichoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875. Ni historia ya wazee wa mwandishi. Nathari yake ni nyepesi na safi, na zile sehemu za safari na mateso bado zinashika roho. Lakini kitabu kina mfadhili wake, na mfadhili anaonekana kila kona: uhuru unaletwa na meli ya Mwingereza, na kila wema una jina la Kizungu. Waliokombolewa wanashukuru. Wahakiki wa miaka ya ujamaa walimpiga Mbotela marungu kwa hilo, na kwa kweli alistahili mawili matatu. Lakini nao waliishia hapo. Hawakuuliza swali langu: mzee wa Freretown, aliyezungukwa na wenyeji wa Mombasa waliojua mababu zao, alikuwa anadai nini aliposimulia habari ya meli? Alidai mzazi. Kwa kuwa hakuweza kuhesabu babu, alihesabu mkombozi. Ukiisoma hivyo, shukrani zile zinazochosha zinageuka kuwa nasaba ya mtu asiye na nasaba, na kitabu kinauma zaidi kuliko kilivyokusudia.

Weka basi Freretown upande mmoja na Gosha upande wa pili. Kule uhuru umetolewa, huku umechukuliwa. Rahisi, sivyo? Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuandika insha akapata alama nzuri: Mbotela kibaraka, Wanakhucha mwanamapinduzi. Na mimi ningeishia hapo kama nisingesoma kitabu cha Catherine Besteman, Unraveling Somalia, cha mwaka 1999.

Besteman aliishi mwaka 1987 na 1988 katika kijiji cha Banta, katikati ya bonde, juu zaidi ya vijiji vya Wazigua. Watu wa huko hawana Wanakhucha. Wahenga wao walifika baadaye, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mmojammoja na familia ndogondogo. Wengine waliletwa utotoni wakalelewa katika nyumba za mabwana, wengine walitokea mikononi mwa Waoromo. Lugha za kwao zilikwisha. Wanasema Kisomali, wana koo za Kisomali, na wanaishi bega kwa bega na wafugaji wanaowaona kuwa chini yao. Ukiwauliza asili, hakuna tetemeko la nchi wala nabii. Kuna mtu aliyefika akiwa na jembe, akaomba mahali pa kulima, akapewa.

Kwangu hiki ndicho kiini cha kitabu, ingawa mwandishi mwenyewe ana hoja kubwa zaidi kuhusu rangi na tabaka. Anaeleza jinsi Waitalia katika miaka ya 1930 walivyowasomba watu wa bondeni kwa nguvu kwenda kwenye mashamba ya ndizi na pamba, wakiwachagua kwa maumbile: nywele, pua, kifua. Nasaba ikasomwa mwilini kwa sababu haikuwa imeandikwa popote. Halafu ikaja serikali ya Siad Barre, iliyopiga marufuku ukabila kwa maneno makubwa, na sheria ya ardhi ya mwaka 1975 iliyosema ardhi ni ya dola na anayetaka kuilima aisajili. Watu wa Banta walikuwa wamelima kingo zile tangu kwa babu zao, lakini hawakuwa na karatasi wala ndugu ofisini. Katika miaka ya 1980, habari za bwawa kubwa la Baardheere ziliposambaa, watu wenye vyeo kutoka mjini wakaanza kusajili mashamba ya bondeni kwa majina yao. Mkulima anasimama kando ya mtama wake, anaambiwa shamba lina mwenyewe. Babu aliyeomba mahali pa kulima akapewa hana nguvu mbele ya mhuri.

Besteman anaandika kwa unyofu kuliko wanazuoni wengi, na anawajali watu wake. Lawama yangu ni moja: wakulima wa Banta wanafafanuliwa sana kabla ya kuachiwa kusema. Nilitamani kurasa tano tu ambamo mtu anasimulia babu yake bila kukatizwa, akisita, akijirudia, akisahau. Pengine hiyo si kazi ya mwanaanthropolojia. Pengine ni kazi yetu.

Vita vilipoanza mwaka 1991, bonde ndilo lililoliwa kwanza, maana ndiko kulikokuwa na nafaka. Majeshi ya koo yalipishana yakipora maghala, na mtu asiye na ukoo wenye bunduki hakuwa na wa kumlilia. Maelfu walikimbilia Kenya, kwenye kambi za Dadaab. Wengine wakapanda vyombo mpaka Tanga, wakawekwa Mkuiu, Handeni, na kuanzia mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo. Handeni, jamani! Uzigua kwenyewe. Karne na nusu baada ya Wanakhucha kusema tukae hapa, wajukuu wakamalizia safari, na wakamkuta mwenyeji anasema maneno ambayo bibi yao alikuwa akiyasema. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa imeanza kuwapa uraia.

Naijua mikono inayowasha kuandika hadithi hiyo. Hata yangu inawasha. Mzee anashuka lorini, anaokota udongo wa Handeni, analia, pazia. Lakini ngoja kwanza. Kambi za Dadaab zilikuwa na watu wa bonde zima, wa chini na wa katikati, na huko ndiko nasaba ilipogeuka kuwa tiketi. Mashirika ya misaada yaliwaweka wote chini ya jina moja, Wabantu wa Somalia, jina lililoenea katika miaka hiyo ya 1990. Neno la wanaisimu wa karne ya 19 likawa kabila. Ikatafutwa nchi ya kuwapokea. Msumbiji ilikubali mwaka 1997, kwa hoja kwamba Wamakua na wenzao walitoka huko, kisha ikarudi nyuma. Marekani ikakubali mwaka 1999. Mwaka 2002 watu takriban 12,000 walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab kwenda Kakuma ili wahojiwe, na safari za ndege zikaanza mwaka uliofuata. Miaka kadhaa baadaye baadhi yao walijikusanya katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, na miongoni mwao Besteman akawakuta watu wake wa Banta. Ndiyo habari ya kitabu chake cha mwaka 2016, Making Refuge.

Walihojiwa nini? Wewe ni nani, umetoka kijiji gani, baba yako nani, hawa watoto ni wako? Karani alihitaji familia inayoeleweka kwa mtindo wa Marekani: baba, mama, watoto wa kuzaa. Mtoto wa marehemu dada, aliyelelewa tangu vita, hana kisanduku kwenye fomu. Watu waliofichwa nyuma ya ukoo wa Kisomali kwa vizazi vitatu, ili wasidharauliwe, sasa walitakiwa wauvue ukoo huo na kuthibitisha kwamba babu yao alikuwa mtumwa. Asili iliyofichwa kwa aibu ikatakiwa kwa ushahidi.

Na hapa ndipo simulizi ya Wanakhucha inaponitia wasiwasi, pamoja na kuipenda kwangu kote. Ni nzuri mno. Ina kabila linalojulikana, lugha iliyohifadhiwa, shujaa, na mwisho unaorudi Handeni. Inaingia vizuri kwenye kitabu cha shule, kwenye fomu ya uraia na kwenye moyo wa msomaji wa Kiswahili, ambaye anafurahi kuona watu waliopotea wakirudi "kwao". Mtu wa Banta hana pa kurudi. Kwao ni Banta. Tukiandika bonde la Juba kwa kumfuata Wanakhucha peke yake tutakuwa tumefanya kile kile kinachofanywa na abtirsi: tumempa heshima mwenye mlolongo mrefu na kumwacha nje asiye nao. Methali ya wahenga itakuwa imeingia kwa mlango wa nyuma, safari hii imevaa khanga ya ukombozi.

Kuna atakayenijibu kwamba fasihi inahitaji mashujaa, na kwamba watu waliodharauliwa wanahitaji zaidi. Ni kweli kiasi. Mtoto wa Chogo akimjua Wanakhucha anatembea kichwa juu, na mimi nani nimnyang'anye? Wazigua waisimulie, tena kwa Kizigula. Ninachosema kinatuhusu sisi wa mjini tunaotafuta visa. Sisi hatuna haja ya kichwa juu. Tuna haja ya kujua kuona. Na ukweli ni kwamba babu wa nne wa wengi wetu tuliokulia Temeke, Kisauni au Ng'ambo ni kama wa Banta kuliko kama Mbegha. Amekwama mahali. Kuna "Mnyasa" au "Mmanyema" ndani ya nyumba anayetajwa kwa sauti ya chini, kuna ukoo wa Kishirazi ulioongezwa baadaye, kuna bibi ambaye jina lake lilikuwa siku ya juma aliyonunuliwa au kuzaliwa, hakuna anayekumbuka lipi. Tunamruka. Tunaweka mkuki na mbwa.

Nimalizie na la kiufundi, maana wengine mmenisoma mpaka hapa mkisubiri hilo. Pengo katika nasaba lina sauti yake, na msimulizi stadi huliandika kama pengo. Msimulizi anayesema "babu alikuwa Mmakua shujaa" ameziba tundu kwa gazeti. Msimulizi anayesema "mama akifika kwa babu alikuwa anasonga ugali kwa nguvu zaidi" amelionyesha, na hajadanganya. Lugha nayo: mkimpa mtu wa bondeni Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari mmemuua. Ana Kisomali, wengine wana Kizigula, wote wana maneno ya Kiitalia ya mashambani, kama ooji, linalosemekana kutokana na neno la Kiitalia la "leo", yaani mtu wa leo tu, asiyewaza kesho. Hebu fikiri tusi hilo: mtu asiye na jana anaambiwa hana na kesho.

Atakayeliandika bonde lile, basi, namwomba asianze na tetemeko. Aanze Kakuma, kwenye kibanda cha mabati, mwaka 2002. Karani anauliza jina la babu wa baba. Mwanamume wa Banta analijua jina alilotumia maisha yake yote, la ukoo uliompokea, na anajua kwamba akilitaja atakataliwa. Nyuma yake kuna foleni. Anageuka, anamtazama mkewe, na mke anataja jina ambalo mume hajawahi kulisikia.